Namna ya Kupanga Safari za Treni za Mjini kwa Kuzingatia Saa za Msongamano na Saa Tulivu

Kwa abiria wengi wa treni za mjini, saa za msongamano ni kitu kimoja: ni ule muda wa asubuhi na jioni ambao watu hubanana mlangoni na nauli hupanda. Kwa kweli hivyo ni vitu viwili tofauti. Kuna saa za msongamano za nauli, ambazo hupangwa na shirika la reli na kuandikwa kwenye jedwali la bei, na kuna saa za msongamano za watu, ambazo hakuna aliyezipanga, kwa kuwa zinatokana na maelfu ya watu kutakiwa kufika kazini na shuleni karibu kwa wakati mmoja. Mipaka ya saa hizi mbili hailingani. Nauli inaweza kuwa juu kwa saa tatu mfululizo ilhali msongamano mkali wa watu hauzidi dakika arobaini. Na katika miji mingine nauli haibadiliki kamwe, lakini watu husongamana vilevile. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitambua saa zote mbili kwenye njia unayoitumia wewe, kisha kuipanga safari yako mahali ambapo pesa na nguvu zako zinapungua kidogo iwezekanavyo.

Katika maelezo yanayofuata, ninaposema "saa tulivu" ninamaanisha muda wote usiokuwa wa msongamano, uwe ni wa mchana, wa usiku au wa mwisho wa juma.

Hatua ya kwanza: Jua kama mji wako unatoza kwa saa au la

Kabla ya kubadilisha ratiba yako kwa ajili ya nauli, hakikisha kwamba nauli yenyewe inabadilika. Treni za chini ya ardhi za New York hutoza nauli ileile mchana na usiku, na tiketi ya kawaida ya metro ya Paris haiulizi ni saa ngapi. Katika miji ya namna hiyo, kuchelewa kuondoka nyumbani kutakupa nafasi ya kukaa lakini hakutakuokolea pesa. Jijini London, kinyume chake, nauli ya kadi huwa ya juu siku za kazi kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi, na tena kuanzia saa 10:00 jioni hadi saa 1:00 usiku. Sydney nako punguzo la saa tulivu ni asilimia 30, na saa za msongamano ni kuanzia saa 12:30 hadi saa 4:00 asubuhi na kuanzia saa 9:00 alasiri hadi saa 1:00 usiku.

Wapo wanaoiona nauli ya msongamano kuwa adhabu kwa mtu ambaye hakuchagua saa yake ya kazi, na malalamiko hayo yana uzito, nami nitayarudia mbele. Hata hivyo ni vizuri kuielewa sababu yake. Shirika la reli hununua mabehewa na kuajiri madereva kwa kipimo cha saa ile yenye watu wengi zaidi. Treni inayohitajika saa mbili asubuhi, na ambayo haina kazi saa tano, itakuwa imelala kwenye yadi mchana kutwa, lakini gharama yake hailali. Mchumi William Vickrey alipendekeza mwaka 1952 kwamba nauli ya treni za chini ya ardhi za New York itofautiane kwa saa na kwa umbali, ili abiria anayeweza kuhama ahame na yule asiyeweza apate nafasi. Pendekezo lake halikutekelezwa mjini humo, ingawa miaka mingi baadaye, mwaka 1996, alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi na fikra hiyo imeenea katika reli nyingi duniani.

Hatua ya pili: Soma kanuni kwa kuuliza ni saa ipi inayohesabiwa

Hapa ndipo abiria wengi wanapopoteza pesa bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo. Jedwali la nauli linaposema kwamba saa za msongamano zinaanza saa fulani, halijakwambia bado ni tukio gani linalopimwa kwa saa hiyo. Je, ni pale unapogusisha kadi ukiingia stesheni? Ni pale unapotoka? Au ni saa ya treni yenyewe iliyoandikwa kwenye ratiba? Majibu yote matatu yapo duniani, na kila moja linadai mpango wake.

London, Sydney na Uholanzi huhesabu wakati wa kuingia. Ukigusisha kadi dakika mbili kabla ya nauli kupanda, safari nzima hutozwa kwa nauli ya chini, hata kama itamalizika katikati ya msongamano. Kwa mfumo huu, mwenye haraka ya asubuhi anatakiwa kuwahi mlangoni na si kuwahi kufika. Hong Kong ilipoanzisha punguzo la asilimia 25 kwa wanaowahi, mnamo Septemba 2014, ilipima wakati wa kutoka: abiria alitakiwa kutoka katika mojawapo ya stesheni 29 zilizotajwa, kati ya saa 1:15 na saa 2:15 asubuhi. Katika mpango wa aina hiyo treni ikichelewa njiani punguzo linaweza kupotea, kwa hiyo ni lazima ujiwekee akiba ya dakika kumi au zaidi.

Singapore ni mfano mzuri kwa sababu imewahi kutumia njia hizi mbili, ya kutoka na ya kuingia. Mwezi Juni 2013 ilianza kuwaruhusu abiria kusafiri bure ikiwa wangetoka katika stesheni 16 za katikati ya jiji kabla ya saa 1:45 asubuhi siku za kazi. Mwishoni mwa mwaka 2017 mpango huo uliondolewa, na mahali pake pakawekwa punguzo dogo kwa yeyote anayeingia stesheni yoyote kabla ya saa ileile, 1:45. Namba haikubadilika, lakini maana yake ilibadilika kabisa: mtu anayeishi mbali, ambaye zamani alilazimika kuamka mapema mno ili awahi kutoka, sasa alitakiwa kuwahi kuingia tu.

Kwenye treni za vitongoji vya New York, yaani Long Island Rail Road na Metro-North, kinachohesabiwa ni treni yenyewe. Treni ya siku ya kazi iliyopangwa kufika kwenye stesheni kuu za jiji kati ya saa 12:00 na saa 4:00 asubuhi ni ya msongamano, na vivyo hivyo inayoondoka humo kati ya saa 10:00 jioni na saa 2:00 usiku. Anayepanda treni hiyo akiwa na tiketi ya saa tulivu hulipishwa tofauti humohumo ndani, kwa hiyo saa uliyoinunua tiketi haikusaidii chochote.

Baada ya kujua ni saa ipi inayohesabiwa, uliza maswali mengine mawili. La kwanza ni la uelekeo. Jijini London, anayetoka nje ya kanda ya 1, yaani eneo la katikati ya jiji, kwenda ndani yake jioni hutozwa nauli ya saa tulivu, kwa sababu anakwenda kinyume na umati unaorudi nyumbani. La pili ni la siku: sikukuu za kitaifa na mwisho wa juma mara nyingi huhesabiwa kuwa saa tulivu mchana kutwa, lakini Ijumaa huenda ikawa na kanuni yake. Sydney, tangu Oktoba 2023, huihesabu Ijumaa pamoja na Jumamosi na Jumapili. Angalia pia vighairi vya njia maalumu. Kwa mfano, safari ya treni za chini ya ardhi za London kati ya kanda ya 1 na uwanja wa ndege wa Heathrow hutozwa nauli ya msongamano saa zote.

Mwenye kadi ya punguzo, awe mzee, mwanafunzi au mtu mwenye ulemavu, asidhani kwamba kadi hiyo inafanya kazi kila saa. Pasi ya bure ya wazee wa London, iitwayo Freedom Pass, hutumika kwenye treni za chini ya ardhi siku za kazi kuanzia saa 3:00 asubuhi. Dakika moja kabla ya hapo geti halifunguki.

Hatua ya tatu: Geuza saa za ratiba ziwe saa unazozifikiria

Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tuna kazi moja ya ziada, ambayo miongozo ya lugha nyingine haiitaji. Ratiba za reli na jedwali za nauli, katika nchi nyingi, huandikwa kwa mtindo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita, na kosa la kuhesabu linaweza kukuingiza moja kwa moja kwenye nauli ya juu au kukuachisha treni ya mwisho.

Kanuni ni nyepesi ukiizoea. Kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa sita: 07:45 ni saa 1:45 asubuhi, na 16:00 ni saa 10:00 jioni. Kuanzia 19:00 hadi 23:59 toa kumi na nane: 19:00 ni saa 1:00 usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza sita: 00:30 ni saa 6:30 usiku, na 06:30 ni saa 12:30 asubuhi. Ninashauri kila muda uandikwe kwa mitindo yote miwili kwenye karatasi moja ndogo au kwenye simu, kisha uitumie karatasi hiyo wiki nzima badala ya kuhesabu upya ukiwa umesimama kwenye jukwaa huku treni inaingia.

Kumbuka pia kwamba siku ya nauli haianzi usiku wa manane kila mahali. Kikomo cha nauli cha siku jijini London, yaani kiasi ambacho ukishakifikia hutozwi zaidi, huhesabiwa kuanzia 04:30, ambayo ni saa 10:30 alfajiri, hadi dakika moja kabla ya muda huohuo siku inayofuata. Anayerudi nyumbani saa 7:00 usiku bado yumo katika siku iliyotangulia.

Hatua ya nne: Pima umati wa njia yako kwa wiki mbili

Saa za watu hazipo kwenye jedwali lolote, kwa hiyo inabidi uzitafute mwenyewe. Chukua daftari. Kila safari andika mambo manne: saa uliyofika kwenye jukwaa, saa treni iliyoondoka, behewa ulilopanda na hali uliyoikuta ndani. Wiki moja haitoshi, kwa sababu mvua, likizo za shule au treni moja iliyoharibika vinaweza kuivuruga picha yote.

Ili daftari lisomeke, unahitaji kipimo kisichobadilika. Mimi ninapenda kipimo cha Japani, kwa sababu kinaeleza kwa mwili na si kwa namba tupu. Wizara inayosimamia reli nchini humo huhesabu asilimia 100 kuwa hali ambayo kila abiria ama amekaa, ama ameshika kishikizo, ama ameshika nguzo iliyo karibu na mlango. Asilimia 150 gazeti linafunguka bila shida. Asilimia 180 linasomeka likikunjwa. Asilimia 200 miili inagusana kwa shinikizo, lakini mtu anaweza bado kusoma jarida dogo. Na asilimia 250 mtu hawezi kusogeza hata mkono, bali hufuata mtikisiko wa treni. Wastani wa njia kuu za Tokyo ulikuwa asilimia 163 mwaka 2019, ukaanguka hadi 107 mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipowaweka watu nyumbani, kisha ukapanda tena kufikia 136 mwaka 2023. Wewe huna haja ya asilimia. Andika tu "nimekaa", "nimesimama kwa raha", "tumegusana" au "nimeshindwa kupanda".

Baada ya wiki mbili utaona kwamba msongamano una kilele chake ndani ya kilele. Saa nzima za nauli ya juu huwa na mwanzo mwepesi, katikati ngumu na mwisho unaolegea. Mara nyingi katikati hiyo ngumu ni fupi kuliko unavyodhani, na kuihama kwa dakika kumi na tano au ishirini hubadilisha safari zaidi kuliko kuihama kwa dakika tano tu. Utaona pia kwamba siku hazifanani. Katika miji ambayo watu wengi wa ofisini sasa hufanya kazi nyumbani siku kadhaa za wiki, Jumanne hadi Alhamisi ndizo nzito, na Jumatatu na Ijumaa zimepungua.

Jambo la mwisho katika kupima ni mahali. Umati ni kama wimbi linalotembea kwenye reli: hupita stesheni za pembezoni mapema na kufika katikati ya jiji baadaye. Kampuni ya reli ya JR East ilipoanza kuuza pasi ya saa tulivu katika eneo la Tokyo mnamo Machi 2023, kwa bei iliyo chini ya pasi ya kawaida kwa takriban asilimia 10, haikuweka saa moja kwa mji mzima. Kila stesheni ilipewa saa zake za msongamano. Kwa hiyo usiazime saa za rafiki anayeishi upande mwingine wa mji, hata kama mnafanya kazi jengo moja.

Hatua ya tano: Jifunze kusimama na kusubiri mahali panapofaa

Hatua hii ni kwa ajili ya wale ambao hawawezi kuhama. Muuguzi anayeingia zamu saa moja kamili, mlinzi anayempokea mwenzake, mfanyakazi wa usafi, mzazi ambaye shule hufungua mlango saa moja tu: hao hawana saa tulivu ya kuchagua, na si haki kuwaambia waamke mapema zaidi kana kwamba usingizi wao hauna thamani. Wanachoweza kuchagua ni behewa na treni.

Anza na behewa. Abiria hujazana karibu na ngazi ya stesheni wanayopandia, na tena kwenye mabehewa yatakayosimama karibu na njia ya kutokea ya stesheni kubwa wanayoiendea. Behewa lililo mbali na ngazi zote mbili huwa na nafasi hata treni ikionekana imejaa. Utapoteza dakika moja au mbili za kutembea mwishoni, lakini utakuwa umesafiri ukipumua. Daftari lako la wiki mbili litakuonyesha ni behewa la ngapi.

Kisha tazama mpangilio wa treni zenyewe. Treni ikichelewa kidogo, watu wengi zaidi hujikusanya kwenye jukwaa la mbele yake, nao huchukua muda mrefu zaidi kupanda, na hapo treni huzidi kuchelewa na kuzidi kujaa. Ile inayoifuata, kwa upande mwingine, hukuta majukwaa yamekwisha kufagiliwa na huenda ikiwa na nafasi. Kwa hiyo ubao ukionyesha treni iliyojaa sasa na nyingine baada ya dakika mbili, iache ya kwanza ipite. Ushauri huu haufai pale ambapo inayofuata iko umbali wa dakika ishirini, wala pale ambapo hiyo ya pili haisimami stesheni yako.

Usiuzuie mlango. Ninaliweka hapa si kwa ajili ya adabu pekee. Kwenye njia ya Victoria jijini London, saa za kilele hupita treni 36 kwa saa, yaani moja kila sekunde 100. Ukiushikilia mlango kwa sekunde ishirini ili rafiki yako aingie, umekula sehemu ya tano ya nafasi iliyo kati ya treni yako na inayofuata, na dereva wa nyuma atalazimika kusubiri kwenye handaki akiwa na mamia ya watu. Ucheleweshaji huo hurithishwa treni hadi treni mpaka msongamano wenyewe uishe.

Ukiwa ndani, songa katikati ya behewa na vua begi la mgongoni. Mlangoni ndipo penye msukumano mkubwa, ilhali mara nyingi hatua tatu ndani kuna nafasi ya kusimama.

Hatua ya sita: Piga hesabu kabla ya kununua pasi

Pasi ya mwezi ni nzuri kwa anayesafiri kila siku katika saa za nauli ya juu, lakini mtu aliyehamia saa tulivu anaweza kuendelea kuinunua kwa mazoea huku ikimla. Hesabu yake si ngumu. Tuchukue nauli kamili kuwa ni 100, nauli ya saa tulivu kuwa 70, na pasi ya mwezi kuwa 3,600.

Anayefanya kazi siku 20 kwa mwezi, kwenda na kurudi saa za msongamano, angelipa 4,000 kwa safari moja moja, kwa hiyo pasi inamfaa. Akihamisha safari ya asubuhi pekee iwe ya saa tulivu, atalipa 1,400 asubuhi na 2,000 jioni, jumla 3,400, na hapo pasi imeshakuwa ghali kwa 200. Akihamisha zote mbili, jumla ni 2,800. Anayekwenda ofisini siku 12 tu kwa mwezi atalipa 2,400 hata akisafiri saa za msongamano zote, na hahitaji pasi wala mabadiliko yoyote.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu pasi hutumika pia siku zisizo za kazi. Yule wa 3,400, akiwa na safari nane za mwisho wa juma kwa nauli ya 70, ataongeza 560 na kufikia 3,960, na pasi itakuwa imerudi kuwa nafuu. Ndiyo maana ninasisitiza uhesabu safari zote za mwezi uliopita, za kazi na za nyumbani, badala ya kukisia. Mahali penye kikomo cha nauli cha siku au cha wiki, ingiza kikomo hicho kwenye hesabu, kwani mara nyingine punguzo la saa tulivu halionekani kabisa ukishafikia kikomo.

Kuna gharama ambayo haimo kwenye tiketi. Ukifika saa nzima kabla ya kazi na huna mahali pa kukaa, au ukirudi usiku ukahitaji usafiri mwingine kutoka stesheni hadi nyumbani, punguzo la nauli linaweza kumezwa lote. Weka na hilo kwenye karatasi.

Hatua ya saba: Omba saa za kazi zisogezwe, kwa maandishi

Ikiwa kazi yako inaruhusu, ombi la kusogeza saa ndilo lenye faida kubwa kuliko mbinu zote zilizotangulia. Liandike kwa ufupi na kwa uhakika. Usiseme tu kwamba treni zinajaa. Sema unaomba kuanza saa 4:00 badala ya saa 3:00 na kumaliza saa moja baadaye, taja muda wa katikati ya siku ambao utakuwapo bila kukosa kwa ajili ya mikutano, na pendekeza majaribio ya mwezi mmoja yatakayopimwa mwishoni. Ambatisha kurasa za daftari lako. Msimamizi akiona kwamba siku tisa kati ya kumi ulisimama bila kuweza kusogeza mkono na ukafika umechoka, ataelewa haraka kuliko akisoma malalamiko ya jumla.

Ukikataliwa kusogea kwa saa nzima, omba dakika thelathini. Kama tulivyoona, kilele cha kweli ni kifupi.

Hatua ya nane: Zijue saa tulivu zilivyo

Saa tulivu zina tabia zake, na anayezihamia bila kuziuliza hushangaa. Treni huwa chache, kwa hiyo kuikosa moja si jambo la dakika tatu tena. Baadhi ya mashirika huendesha treni fupi mchana. Simama katikati ya jukwaa, la sivyo utaikimbilia. Treni za moja kwa moja za asubuhi huenda zikawa hazipo, na inayobaki husimama kila stesheni. Kwenye njia nyingine hakuna treni ya mchana kabisa: njia ya Milton ya treni za GO, inayohudumia Toronto, huendeshwa saa za msongamano za siku za kazi, na anayekawia hurudishwa kwa basi.

Matengenezo ya reli pia hufanywa usiku na mwisho wa juma, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo mafundi hupata. Angalia matangazo ya kufungwa kwa njia siku ya Ijumaa, kabla hujapanga safari ya Jumapili.

Kwa upande mwingine, saa tulivu ndizo za mwenye mzigo mkubwa, kigari cha mtoto au baiskeli. Kwenye treni za Uholanzi baiskeli isiyokunjwa hairuhusiwi siku za kazi kati ya saa 12:30 na saa 3:00 asubuhi, wala kati ya saa 10:00 na saa 12:30 jioni, isipokuwa katika miezi ya Julai na Agosti. Anayesafiri usiku akae kwenye behewa lenye watu au lililo karibu na dereva au kondakta, na ajue treni ya mwisho ni saa ngapi, pamoja na ile inayoitangulia.

Hatua ya tisa: Andaa njia ya pili, na rudia ukaguzi

Siku treni zinapoharibika, saa zote huvurugika: wa saa mbili na wa saa nne hujikuta kwenye jukwaa moja. Tafuta mapema njia mbadala moja, uipite angalau mara moja siku ya kawaida, na ujue kama tiketi yako inakubalika huko. Uliza pia kama nauli ya msongamano hurudishwa iwapo ucheleweshaji wa reli ndio uliokusukuma kutoka saa tulivu. Hifadhi kumbukumbu ya kadi na picha ya ubao wa matangazo, kwa sababu madai yasiyo na ushahidi hukwama.

Kanuni zenyewe hazikai. Scotland iliondoa nauli za msongamano kwenye treni za ScotRail kwa majaribio kuanzia Oktoba 2023, ikazirudisha mwishoni mwa Septemba 2024, kisha ikaziondoa moja kwa moja tarehe 1 Septemba 2025. London ilizifanya Ijumaa kuwa za saa tulivu mchana kutwa kuanzia Machi hadi Mei 2024, na majaribio hayo hayakuendelezwa. Abiria aliyeandika kanuni mara moja na kuibandika ukutani angekuwa amekosea mara kadhaa ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo soma tangazo la nauli kila linapotolewa jipya, rudia upimaji wa umati mara mbili kwa mwaka, mara moja shule zikiwa zimefunguliwa na mara moja zikiwa zimefungwa, na kila unapobadilisha karatasi yako ya saa andika tarehe juu yake.